Redio imeshangilia goli, TV bado inapiga kona: Hivi ndivyo unavyoweza kuziweka sawa

Kama umewahi kuangalia mpira huku jirani ana redio, hii hali unaijua. Kwenye TV yako mpira bado uko katikati ya uwanja, mabeki wanapigiana pasi za nyuma. Ghafla nyumba ya pili wanalipuka: "Gooooli!" Unabaki umekodolea macho skrini, unasubiri goli ambalo tayari limeshafungwa.

Sasa fikiria hiyo redio haiko kwa jirani. Iko sebuleni kwenu, mkononi mwa mjomba.

Mjomba wangu anakaa Bigwa, chini kabisa ya Milima ya Uluguru. Kwetu Waluguru mjomba si mtu mdogo. Ukoo tunauhesabu kwa mama, kwa hiyo neno la mjomba lina uzito wake. Huyu wangu ni Yanga wa kufa, na kwa miaka kadhaa sasa macho yake hayaoni vizuri. Akikaa mbele ya TV anaona ukijani na vivuli vinavyotembea, basi. Namba za jezi hazioni. Mpira ndiyo kabisa.

Ndiyo maana hawezi kuachana na redio yake. Mtangazaji wa redio anamwambia nani ana mpira, yuko upande gani, amebakiza hatua ngapi kufika kwenye boksi. Kwa mjomba, hayo ndiyo macho.

Tatizo ni kwamba redio ilikuwa inaitangulia TV. Yeye anashangilia, wajukuu wanapiga kelele: "Babu, unatuharibia!" Baada ya mechi mbili tatu mzee akabeba kiti chake na redio yake, akahamia barazani. Hakulalamika. Ndani watu tisa, nje mtu mmoja, wote wanafuatilia mechi ileile.

Kile kiti cha barazani ndicho kilichonifanya nitafute majibu. Kwa nini redio inatangulia? Na je, unaweza kuzima sauti ya TV, ukaweka redio, na vyote vikaenda sawa? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo hili hapa.

Kwanza, kwa nini uhangaike na redio wakati TV ina sauti yake?

Kwa sababu mtangazaji wa TV na wa redio hawafanyi kazi moja, hata kama wanaangalia mechi moja.

Wa TV anajua unaona. Anaweza kunyamaza sekunde kumi na usipoteze kitu. Anaweza kuanza kukusimulia historia ya kocha wakati mpira unatoka nje. Akisema "hatari ile!" anategemea macho yako yamalizie sentensi.

Wa redio hana hiyo bahati. Akinyamaza, mechi imekufa. Lazima aseme mpira uko kulia au kushoto, uko mbali au karibu na lango, nani anakimbia nao na nani anamfuata. Kila baada ya muda lazima arudie matokeo na dakika, maana kuna mtu ndiyo kwanza amewasha redio yake akiwa kwenye daladala pale Msamvu.

Sisi Watanzania tumelelewa na sauti hiyo. Zanzibar walikuwa na TV tangu miaka ya 1970, lakini Bara tulisubiri hadi 1994 ndipo vituo vikaanza kuonekana, ITV ikiwa miongoni mwa vya kwanza. Kabla ya hapo mpira ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD, na watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary.

Fikiria Novemba 1993. Simba wako fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan ya Ivory Coast. Mechi ya kwanza ugenini imeisha 0-0, ya marudiano ni Dar es Salaam. Simba wakafungwa 2-0. Mtu wa Matombo au Mgeta ambaye hakuwa uwanjani aliyapokea magoli yale mawili kwa masikio. Muulize leo, atakusimulia kama vile alikuwepo.

Wazo la kuunganisha redio na kitu cha kuangalia nalo si geni duniani. BBC ilipotangaza moja kwa moja mechi yake ya kwanza ya ligi redioni, tarehe 22 Januari 1927, Arsenal na Sheffield United pale Highbury, jarida la Radio Times lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa miraba 8. Wakati mtangazaji anasimulia, mwenzake anataja namba ya mraba ambao mpira upo. Msikilizaji anaweka kidole kwenye karatasi anafuata. Hiyo ndiyo ilikuwa "TV" yake.

Hadi leo Uingereza kuna wapenzi wa kriketi wanaozima sauti ya TV na kufungulia kipindi cha redio cha Test Match Special. Hapa Afrika Mashariki sababu ziko wazi zaidi. Mara nyingine mechi ya Ulaya inakuja na sauti ya Kiingereza, na nyumbani kuna mtu anayetaka kuisikia kwa Kiswahili. Au timu yako ni Mtibwa Sugar, mabingwa wa Bara 1999 na 2000, na unatamani mtangazaji anayeijua Manungu na njia ya kwenda Turiani, siyo anayetaja majina matatu tu ya kikosi.

Na kuna watu kama mjomba. Kwake redio siyo mbwembwe. Bila redio, mechi hana.

Mbio za sekunde: nani anafika wa kwanza?

Watu wengi wanadhani TV inachelewa kwa sababu "setilaiti iko mbali sana". Ni kweli iko mbali, lakini siyo hiyo sababu kubwa. Hebu tupige hesabu.

Setilaiti za TV ambazo madishi yetu yanazitazama ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Picha inapanda, inashuka, jumla kama kilomita 72,000. Mawimbi yanasafiri kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo safari yote hiyo ni kama robo sekunde. Kufumba na kufumbua.

Muda unapotelea kwingine: kwenye kazi ya kuibana picha. Picha ya TV ya kidijitali ni nzito mno kutumwa ilivyo. Mashine inaibana kwa kulinganisha picha moja na zinazofuata, na kutuma tu kile kilichobadilika. Lakini ili ilinganishe, lazima kwanza isubiri hizo zinazofuata zifike. Hapo muda umeshaanza kwenda. Kisha picha inafungwa pamoja na chaneli nyingine, inawekewa kufuli ili asiyelipia asione, inatumwa. Ikifika nyumbani, king'amuzi chako kinaikusanya kidogo, kinafungua kufuli, kinaitanua, ndipo unaona. Kila kituo kinakula kipande cha sekunde au zaidi. Ukijumlisha unapata sekunde kadhaa.

Redio ya FM haina mlolongo huo mwishoni mwa safari. Sauti ikifika kwenye mnara inatoka papo hapo. Kutoka Dar es Salaam hadi Moro ni kama kilomita 190 kwa barabara. Wimbi la redio umbali huo linaumaliza kabla hata sekunde moja haijagawanywa mara elfu.

Zamani tofauti hii haikutusumbua kwa sababu TV nayo ilikuwa ya analojia, na yenyewe haikuwa na mambo ya kubana na kutanua. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam, kisha mikoa mingine ikafuata. Picha ikawa safi, chaneli zikaongezeka, lakini tukalipa kwa sekunde.

Sasa ongeza intaneti. Ukiangalia mechi kwenye programu ya simu, picha inakatwa vipandevipande, na simu yako inahifadhi vipande kadhaa kwanza ili isigandegande. Kuchelewa kwa nusu dakika si jambo la ajabu hapo.

Kwa kawaida, basi, foleni inakwenda hivi:

1. Redio ya FM
2. TV ya king'amuzi, cha antena au cha dishi
3. TV ya kwenye programu ya simu

Na redio ya kwenye intaneti je? Hiyo nayo inakatwa vipande na kuhifadhiwa, kwa hiyo inaweza kuja nyuma ya king'amuzi. Likumbuke hili, litakusaidia huko mbele.

Swali ambalo wengi hawajiulizi: mtangazaji yuko wapi?

Hapa nami nilikuwa nakosea. Nilidhani FM siku zote ni ya kwanza. Siyo kweli.

Kama mtangazaji yuko uwanjani, anaona tukio kwa macho yake na sauti yake inapita kwenye laini ya simu au intaneti hadi studio. Huyo atakuwa mbele ya TV yako.

Lakini mechi nyingi, hasa za nje, mtangazaji wa redio hayuko uwanjani. Yuko studio, mbele ya TV, anatazama picha kama unavyotazama wewe. Kama king'amuzi chake kinachelewa kama chako, sauti yake haiwezi kukutangulia. Anaona pamoja na wewe, anafikiri, anafungua mdomo. Tayari yuko nyuma yako kidogo. Kama anaangalia kwenye intaneti, yuko nyuma zaidi.

Kingine: hata redio mbili za FM zinaweza kupishana kwenye mechi moja. Kituo cha taifa lazima kisafirishe sauti kutoka studio ya Dar hadi mnara wa Morogoro, na njia hiyo inaweza kuongeza muda wake. Redio ambayo studio yake iko hapahapa Moro haina safari hiyo.

Kwa hiyo usikariri. Pima.

Na kabla hujapima, hakikisha kuna matangazo yenyewe. Moro ina redio zake, kama Abood FM, Planet FM, SUA FM na Radio Ukweli, lakini kuwa na redio hakumaanishi kuwa na ruhusa ya kutangaza kila mechi. Haki za redio na za TV zinauzwa mbalimbali. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na mwaka huohuo TBC wakachukua haki za redio. Angalia ratiba ya kituo chako mapema, usije ukafunga waya zako zote halafu ukakutana na muziki.

Mlima nao una neno

Kama uko mjini, FM haina shida. Ukiinua kichwa unaona Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, juu ya mita 2,000. Mnara ukiwa juu hivyo unauona mji mzima.

Lakini mawimbi ya FM yanapenda kwenda moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Ukikaa kwenye bonde ambalo mgongo wa mlima umesimama kati yako na mnara, unapata mkwaruzo au hupati kitu. Na Uluguru ni migongo na mabonde mwanzo mwisho, mpaka Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote, kama mita 2,600 na ushee.

RTD ya zamani ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi, ambayo yanapita kwenye milima kirahisi kuliko FM. Wazee wanaposema "zamani redio ilikamata kote", hawaongopi.

Dishi halina tatizo hilo. Linatazama juu angani, mlima wa mbele hauliziii kitu mradi setilaiti inaonekana. Kwa hiyo huko juu kuna nyumba zina picha safi ya TV lakini FM hazina. Binamu yangu yuko Nyandira, kule Mgeta, analima kabichi na viazi. Yeye njia yake ni kusikiliza redio kwa intaneti kwenye simu.

Bando linaliwa kiasi gani? Siyo kikubwa kama unavyodhani. Redio ya intaneti ya kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula kama MB 29 kwa saa. Mechi nzima na mapumziko, tuseme saa mbili, ni kama MB 58. Ikiwa ya kilobiti 128, zidisha mara mbili. Ni sauti tu, siyo video.

Hatua kwa hatua: namna ya kuziweka sawa

Kanuni ni moja: anayetangulia ndiye anayesubiri. Huwezi kumharakisha aliyechelewa. Unamsimamisha aliye mbele.

Hatua ya 1: Pima tofauti. Fungua saa ya kupimia kwenye simu yako. Washa TV na redio zote mbili, sauti ndogo. Sikiliza filimbi ya kuanza mechi. Ukiisikia kwenye redio, bonyeza. Mpira ukianza kutembea kwenye TV, bonyeza tena. Hiyo ndiyo tofauti yako. Tumia filimbi au kelele za mashabiki, usitumie maneno ya mtangazaji, maana naye anahitaji muda wa kuona kabla hajasema. Kama mtangazaji yuko studio na filimbi haisikiki, chukua tukio lisilobishaniwa, kama penalti au kipa anapopiga goli kiki, na ujue utakosea kwa sekunde moja hivi.

Hatua ya 2: Kama redio iko nyuma ya TV. Hii ndiyo rahisi. Sitisha TV. Baadhi ya ving'amuzi, kama DStv Explora, vina kitufe cha kusitisha matangazo ya moja kwa moja. Vingine vinaweza kufanya hivyo ukivichomekea flashi. Sitisha kwa idadi ya sekunde ulizopima, kisha endelea. Zima sauti ya TV. Umemaliza.

Hatua ya 3: Kama redio iko mbele ya TV. Hapa una njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya ujanja: achana na FM, chukua redio ileile kwenye intaneti. Kwa kuwa intaneti inachelewa, inaweza kukuletea sauti nyuma ya TV, halafu unarudi Hatua ya 2 na kusitisha TV. Ndiyo njia anayotumia binamu wa Nyandira.

Njia ya pili ni kusitisha redio kwenye simu. Fungua redio ya intaneti, bonyeza kitufe cha kusitisha, hesabu sekunde, ruhusu tena. Lakini jaribu kabla ya siku ya mechi. Programu nyingine zinaendelea pale ulipoachia, nyingine zinaruka hadi kwenye sauti ya sasa hivi, na hapo hujafanya kitu.

Njia ya tatu ni ya kompyuta, na ndiyo niliyoitumia kwa mjomba. Kuna programu ndogo ya Windows inaitwa Radio Delay. Kazi yake ni hiyo tu: inapokea sauti, inaishikilia sekunde unazotaka, inaitoa. Unahitaji waya wa kawaida wenye pini ya spika za masikioni pande zote mbili. Upande mmoja unachomeka kwenye redio, wa pili kwenye tundu la maikrofoni la laptopu. Sauti inayotoka unaipeleka kwenye sabufa. Unaweka sekunde ulizopima, basi. Kama laptopu yako ina tundu moja tu la sauti, utahitaji kigawanyio au kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka.

Kama redio yako ya FM ni simu, kumbuka waya wa spika za masikioni ndiyo antena yake. Ukiuchomoa, redio inanyamaza. Kwa njia hii ya tatu, tumia redio ya kawaida yenye antena yake.

Hatua ya 4: Pima tena mapumziko. Intaneti ikisuasua, sekunde zinahama. Ukibadilisha chaneli, zinahama. Kila kipindi kikianza, sikiliza filimbi upya.

Usihangaike kufika sifuri kamili. Redio ikiwa nyuma ya picha kwa nusu sekunde au sekunde moja, hakuna atakayejali, ni kama mtangazaji mzito kidogo. Kinachoua utamu ni sauti kutangulia picha. Kwa hiyo ukikosea, kosea kwa kuchelewesha redio zaidi.

Kwa wenye vibanda umiza, na kwa wenye mikeka

Kama una kibanda umiza, jambo hili ni biashara. Mteja amelipa kiingilio ili aone goli, siyo aambiwe na redio ya fundi baiskeli wa nje. Huwezi kuzima redio za mtaa mzima. Lakini unaweza kuchagua njia ya picha inayochelewa kidogo: king'amuzi badala ya programu ya simu iliyounganishwa kwenye projekta. Tofauti ya sekunde 5 watu wanavumilia. Ya nusu dakika wanadai hela yao.

Na kwa wale wa mikeka ya wakati mechi inaendelea, tafadhali soma hii mara mbili. Ukiangalia mpira kwenye simu na kuweka dau huku mechi inachezwa, unacheza na tukio ambalo limeshapita. Aliyeko uwanjani ameshaona. Anayesikiliza redio ameshasikia. Kampuni yenyewe inapata taarifa kabla yako. Unaposema "hapa goli linakuja", huenda limeshakuja, au mpira umeshatoka nje. Kuchelewa huko hakukupendelei wewe hata siku moja.

Tulichofanya Bigwa

Nilikwenda Jumamosi na laptopu yangu ya chuo, waya wa buku tatu na mashaka mengi. Wajukuu walikuwa wa kwanza kucheka. Mjomba nilimsalimia, akaitikia marahaba, akauliza hiyo mashine inakula umeme kiasi gani.

Tulipima kwa filimbi. Redio ilikuwa mbele kwa sekunde 6. Nikaweka 6, sauti ikaja mapema kidogo. Nikaweka 7, ikakaa. Tukazima sauti ya TV. Kwa dakika kumi za kwanza watoto walinuna, eti wamezoea sauti ya TV. Baadaye mmoja akasema, "Huyu jamaa anaongea sana, lakini anajua." Kufikia mapumziko walikuwa wanabishana naye kama wanavyobishana na mtu aliye chumbani.

Kipindi cha pili mshambuliaji alipokea mpira pembeni, mtangazaji akasema anaingia nao ndani, anamtoka wa kwanza, na mjomba akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ana mtu wa bure pale kati, ampe." Chumba kizima kiligeuka kumwangalia. Kwenye skrini mtu wa bure alikuwepo pale kati, hajapewa bado.

Hakupewa. Akapiga mwenyewe, ikatoka nje. Watu kumi wakalalamika kwa pamoja.

Tulipomaliza niliziacha namba kwenye karatasi, nimeibandika nyuma ya redio: king'amuzi cha nyumbani, FM, sekunde 7. Laptopu nimemwachia mjukuu mkubwa mpaka tupate nyingine ya bei nafuu. Wiki iliyopita nilipiga simu kuulizia hali, nikaambiwa mzee hajambo, ila amelalamika kuwa watoto wanachelewa kufunga waya na mechi inaanza saa kumi kamili.

Kiti chake kiko ndani.